Maji ya Mistari Myembamba

Bauza, lile lori la tangi la maji, ikijaa haina shida. Shida ni ikiwa nusu. Ikijaa, maji yamebanana humo ndani kama watu kwenye mkutano wa mgombea anayegawa unga, hayana pa kwenda. Ikiwa nusu, unashika breki, lori linasimama, lakini maji hayajapata habari. Yanakuja nyuma yako taratibu, yanagonga tangi kwa mbele, na lori lililokuwa limesimama linaanza safari upya bila ruhusa yako. Hilo nilijifunza kwa mjomba wangu Duale, aliyenifundisha udereva hapa Isiolo, siku tulipoingia kwenye kibanda cha muuza nyanya tukiwa tayari tumesimama. Mjomba alishuka, akaziangalia nyanya, akasema, "Umeona sasa? Hii ndiyo nilikuwa nakuambia." Hakuwa ameniambia kitu.

Nawaeleza haya nyinyi vijana mnaoshika usukani wa bauza siku hizi, kwa sababu mtu akistaafu hana kingine cha kugawa ila maneno, na maneno yangu mengi ni ya maji. Mimi ni Hassan. Babu yangu aliletwa huku na Waingereza akiwa na bunduki begani. Vita vikaisha, wakasahau kumrudisha, akaoa Mborana, akanunua ngamia. Baba akauza ngamia akanunua lori. Mimi nikauza lori nikapata magoti mabovu. Kwetu, mzigo wowote una mwenyewe anayeungoja upande ule mwingine. Nimebeba mbuzi, saruji, miraa, maharusi, na mara moja jeneza na maharusi siku ile ile, kwa nyakati tofauti. Sijawahi kubeba kitu bila kujua ni cha nani. Ndiyo maana kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilinisumbua akili.

Ulikuwa ule ukame uliomaliza ng'ombe. Serikali ilikuwa na magari yake ya kupelekea watu maji, na yalipokosa kufika watu walijua wa kumlaumu. Mimi nilichukuliwa na shirika moja la wanyama, ambalo sitalitaja kwa sababu lilinipa chai nzuri, nipeleke maji kwenye hori la saruji la kunyweshea lililojengwa uwandani, ukishapita Ngaremara na kuacha lami. Nikauliza maji ni ya nani. Nikaambiwa ni ya punda milia wa mistari myembamba.

Msiokwenda porini mjue kwamba punda milia ni wa aina mbili huku kwetu. Kuna yule wa kawaida, mnene wa makalio, mistari mipana, ambaye mnamwona kwenye kalenda. Halafu kuna yule mrefu, masikio ya mviringo, tumbo jeupe, mistari myembamba kama imechorwa na karani. Huyu wa pili amebaki mchache duniani, na wengi wa hao wachache wako upande huu wetu. Kwa hivyo alikuwa na wafadhili. Yule wa kalenda hakuwa na mtu.

Afisa aliyesimamia kazi aliitwa Mwiti, kijana wa Kimeru aliyesomea wanyama chuo kikuu, shati limepigwa pasi hata siku za vumbi. Hakuwa na maringo. Alikuwa tu na maagizo. Mlinzi wa hori alikuwa Ekal, Mturkana wa Ngaremara, mtu mzima mwenye wajukuu, kiongozi wa kwaya kanisani kwao. Ekal alipewa mtungi wa plastiki wenye kokoto ndani. Kazi yake ilikuwa kuutikisa kila mnyama asiyehusika anapokaribia.

"Nieleze tena," Ekal alimwambia Mwiti siku ya kwanza. "Mistari myembamba, kunywa."

"Ndiyo."

"Mistari mipana, fukuza."

"Ndiyo."

"Na ngiri?"

"Ngiri wako wengi, mzee. Hawako kwenye mradi."

"Digidigi?"

"Wako wengi pia."

Ekal alifikiri kidogo. "Sasa mnyama awe amebaki kidogo namna gani ndio apate maji?"

Mwiti alisema hilo huamuliwa na wataalamu. Ekal akaitikia kwa heshima, akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini kwamba itabidi tuwaambie ngiri waharakishe kuisha.

Basi tukaanza. Wanyama wana akili kuliko madereva wengi niliowafundisha. Baada ya siku chache walijua mlio wa injini yangu, na nikifika nilikuta wamejipanga: ngiri, swala, nyani, kanga, punda milia wa kalenda, wote wamesimama kwa mbali wakitazama tangi. Wenyewe wenye maji walikuja wa mwisho, kwa sababu ni waoga. Ekal alikimbia huku na huku na kokoto zake. Akifukuza ngiri upande huu, nyani wanaingia upande ule. Punda milia wa kalenda walijifunza kusimama pembeni, wametupatia ubavu, kama mtu aliye kwenye foleni isiyo yake na anajifanya anasoma tangazo. Siku moja nilimkuta Ekal ameketi juu ya ukingo wa hori, amechoka, akiwahubiria. "Nyinyi mmeumbwa vizuri," aliwaambia, "lakini mmeumbwa wengi."

Hapa niwape kitu cha kazi. Ukijaza hori la wanyama, tia tawi la mti ndani, lielee, ncha moja iguse ukingo. Nyuki wanakuja kwa maelfu wakati wa ukame, na bila mahali pa kusimama wanazama, maji yanageuka uji. Ekal ndiye aliyenionyesha hilo. Tukapata ujumbe kwamba tawi liondolewe kwa sababu linaonekana vibaya kwenye picha, na nyuki hawako kwenye mradi. Ekal aliliondoa kila picha zilipopigwa na kulirudisha gari la wageni lilipogeuka.

Halafu akaja Mama Asekon. Huyu alikuwa jirani yake Ekal, anauza makaa kando ya barabara, na alikuwa na punda mmoja wa kubebea. Alifika na punda wake, akasimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Dereva, hii maji ni ya nani?"

"Ni ya punda milia, mama."

"Na hii yangu si punda?"

"Ni punda, lakini haina milia."

"Kwa hivyo shida ni rangi."

Nikamwambia mimi ni dereva tu. Ndilo jibu ninalolitumia mpaka leo nyumbani. Mama Asekon akaondoka bila ugomvi, na mimi nikadhani ameelewa. Alikuwa ameelewa vizuri sana. Aliporudi, punda wake alikuwa amechorwa mistari kwa makaa na majivu, kuanzia shingoni mpaka mkiani, na kazi ilikuwa safi. Hata miguu hakuisahau. Punda mwenyewe alitembea kwa aibu.

Siku hiyo Mwiti alikuwepo. Alimzunguka yule punda polepole, mikono nyuma, kama mwalimu anayekagua vidole vya wanafunzi. Mwishowe akasema, bila kucheka, "Mama, hiyo mistari ni mipana."

"Makaa yangu haichongeki nyembamba," Mama Asekon akajibu.

Mwiti aliketi kwenye gurudumu la akiba, akainamisha uso, na tukaona mabega yanatikisika. Alicheka mpaka shati likatoka kwenye suruali. Alipopata pumzi alimwambia Ekal amwachie punda anywe kwa heshima ya kazi ya mkono. Mama Asekon alimsimamia punda wake mpaka akashiba, akatuaga, na tangu siku hiyo akaja bila kumpaka kitu, na hakuna aliyemwuliza.

Mambo yalikuwa yakienda hivyo, maagizo yakiwa upande mmoja na sisi tukiwa upande mwingine bila kusemezana sana, mpaka akaja yule mtoto.

Mama yake alikuwa wa kalenda, mistari mipana, mbavu nje. Mtoto alikuwa mdogo wa kunyonya. Alikuwa na masikio ya mviringo na uso wenye mistari myembamba, lakini huko nyuma mistari ilipanuka kama aliyemchora alichoka katikati. Ekal alitikisa kokoto, mama akakimbia, mtoto akakimbia nyuma yake. Ekal akaacha kutikisa. Akaniita.

"Hassan, njoo uangalie. Huyu ni wa mradi ama si wa mradi?"

"Huku mbele ni wa mradi," nikasema. "Huku nyuma sijui."

Mwiti alipofika alitambua mara moja. Alisema baba ni wa mistari myembamba. Wanapokuwa wachache na majike wao wako mbali, dume hutafuta popote. Alikuwa amesikia kwamba watoto kama huyu wapo, ila hakuwa amewahi kumwona mmoja. Akavua kofia. Alimtazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu.

"Basi mtoto anywe, mama asubiri," Ekal alipendekeza, akitafuta njia.

Tulijaribu. Mama alibaki mbali, mtoto akasogea kidogo, akanusa hewa, akageuka akarudi chini ya tumbo la mama yake. Alikuwa anapiga kiwele kwa kichwa na hakuna kilichotoka. Alikuwa mtoto wa maziwa, hakujua hori ni kitu gani. Ili yeye anywe ilikuwa lazima mama anywe, na mama hakuwa kwenye mradi.

Mwiti aliamua kuwauliza wakubwa Nairobi. Pale uwandani simu haikushika chini, ilishika juu ya tangi tu. Akapanda ngazi ya bauza na viatu vyake vilivyong'arishwa, akasimama juu, akaweka sauti kubwa ili asiwe anashikilia simu sikioni na huku anashikilia kifuniko. Kwa hivyo mimi na Ekal tulisikia kila neno.

"Bosi, kuna mtoto hapa, chotara. Baba ni wetu."

"Hiyo si habari nzuri, Mwiti," sauti ikajibu. Bosi wetu alikuwa mtu mpole, nilikutana naye mara moja akanisalimia kwa mikono miwili. "Chotara anachanganya kizazi. Tunalinda aina safi. Huyo tukimsaidia tunajiharibia."

Neno hilo chotara nimelisikia tangu utotoni, na si kuhusu punda. Niliangalia gurudumu.

"Lakini wageni si watapenda kumwona? Hajafanana na mwingine."

"Wageni wanakuja na kitabu. Wasipomwona kitabuni watasema mwongozaji wao hajui kazi."

"Mama yake anakula nyasi ndefu, anawaachia wengine ile fupi."

"Nyasi iko wapi, Mwiti?"

Mwiti aligeuka huko juu akatazama pande zote. Na sisi tukatazama. Hakukuwa na nyasi mpaka jicho lilipochoka.

"Basi atakuwa chakula cha simba," Mwiti akajaribu tena. "Simba ako kwenye mradi ule mwingine."

"Simba wamefuata mto. Sikiza, mimi si mtu mbaya. Nipe sababu moja ya kuwaandikia wafadhili. Moja tu, nitaitetea."

Upepo ulikuwa unapiga shati la Mwiti. Mama punda alikuwa amesimama palepale, kichwa chini, na mtoto anaendelea kugonga kiwele.

"Sina, bosi."

"Basi umeshajijibu."

"Sina sababu. Lakini ako hapa. Ako hai, na anataka kuendelea."

"Kuendelea na nini?"

"Na mambo yake."

"Mambo gani ya punda milia?"

"Sijui, bosi," Mwiti akasema. "Hayanihusu."

Bosi akasema watazungumza Mwiti akifika Nairobi. Mwiti akashuka. Alikuwa na kutu magotini. Akamwambia Ekal aweke chini ule mtungi wa kokoto na sote tuingie kwenye lori tufunge milango.

Mimi nilimkabili kabla hatujaingia. Nilimpenda yule kijana na sikutaka aharibikiwe. "Mwiti, utapoteza kazi kwa ajili ya mnyama ambaye hamfai mtu. Hata kitabuni hayumo. Umesema mwenyewe, hana faida."

Alinijibu bila hasira. "Mzee Hassan, karibu unastaafu. Hutabeba maji tena. Tukupatie chai kwa sababu gani?"

Nilifikiria magoti yangu, macho yaliyoanza kuona taa za barabarani zikiwa na ndevu, na jinsi mke wangu siku hizi ananipa kikombe cha kwanza bila kunituma kokote. Nikapanda kwenye lori, nikafunga mlango.

Tulikaa ndani watatu, tumebanana, joto kama la tanuri, Ekal katikati akinusa jasho letu na sisi lake. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mama punda akaja. Hakukimbia. Alikuja hatua moja, anasimama, hatua moja, anasimama. Alipotia mdomo majini, sikio lake moja lilibaki limeelekezwa kwetu na lingine kwa mtoto. Alikunywa kwa namna ambayo ukiwa dereva wa maji unaijua, koo linapanda na kushuka bila kupumzika. Baada yake wakaja wale wengine wa kalenda, na ngiri wakapiga magoti, na kanga wakapanda ukingoni, na nyani mmoja akanywa akiwa ameshika tawi la nyuki. Ekal alianza kuimba polepole puani, wimbo wa kanisani, na Mwiti hakumkataza. Kabla jua halijaegemea, yule mtoto alikuwa ameinua mkia wake mfupi, ananyonya kitu kweli.

Mwiti alikwenda Nairobi. Hawakumfuta kazi, kwa sababu wale si watu wabaya. Walimpeleka stoo kusimamia hema na viti vya mikutano, ambavyo vyote, aliniambia baadaye kwa simu, vina thamani inayojulikana. Aliyekuja badala yake alikuwa dada mmoja mpole aliyeanza kazi kwa kuweka bango. Bango lilikuwa na picha ya punda milia wa mistari myembamba na maandishi kwamba maji haya ni yake, na lilisimamishwa kuelekea kule wanyama wanakotokea. Nyani walilipenda sana. Walilikalia.

Naye pia alimkuta yule mtoto na mama yake horini. Alisumbuka nao siku kadhaa. Hakutaka kuwafukuza, na hakutaka kwenda stoo. Mwishowe aliandika kwenye ripoti yake kwamba maji yamenywewa na punda milia kadhaa na nusu. Nairobi hawakuuliza. Inaonekana nusu ni kitu ofisi inaweza kukihudumia.

Mvua ikaja, kama inavyokuja huku, yote kwa pamoja. Bauza yangu ilizama kwenye matope ikiwa imejaa maji ya kupeleka mahali penye maji, na hapo nikaona sasa inatosha. Mradi ukafungwa kwa hotuba. Wanyama wakatawanyika. Mama Asekon akaanza kutumia hori kuwawekea mbuzi chumvi. Mimi nikastaafu.

Mwiti aliacha kazi ya viti, akakodi shamba la kumwagilia kule Kinna, analima tikiti maji. Nyani wa Kinna wamempima imani yake vizuri. Nilimtembelea nikamkuta anawarushia mawe kwa bidii, na nilipomcheka alisema mtu anaweza kuheshimu maisha ya jirani na bado akamtoa kwenye tikiti lake. Ana upande mmoja wa shamba ambao haulindi. Nilimwuliza kama ni sadaka, akasema hapana, amechoka tu kukimbia.

Mwaka jana alikuja mjini, tukasalimiana, tukanywa chai, na akasema angependa kwenda kule uwandani kama mwanangu angetukopesha gari. Hakusema kuangalia nini. Tulimpitia Ekal Ngaremara. Ekal sasa haendi mbali kwa ajili ya mgongo, lakini alituambia amesikia wachungaji wakisema kuna punda milia mmoja mkubwa, ameharibika mistari, anatembea na wale wa kawaida. Akatuelekeza.

Tulizunguka asubuhi nzima. Ardhi ilikuwa na nyasi safari hii, na njia zangu za bauza zilikuwa zimeota majani. Tukapanda kilima kidogo, nikazima injini, na huko chini, mbali, likawepo kundi la mistari mipana, wameinamisha vichwa. Mmoja alikuwa mrefu kuliko wenzake. Kwa macho yangu ningeweza kuapa, na kwa macho yangu pia ningeweza kuapa kwamba ni kichaka.

Mwiti alikuwa na darubini shingoni. Aliiinua nusu, akaiteremsha, akaiweka kwenye kiti.

"Nisogeze gari?" nikamwuliza. "Kuna njia hapa kando, tutafika karibu."

"Wacha, mzee. Tukisogea watakimbia, na wanakula vizuri."

Basi hatukusogea. Tulikaa na madirisha wazi, hatuna la kufanya, mpaka kundi lote likavuka kilima kwa mwendo wao wenyewe.